Kingasumu Zitokanazo na Wanyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayojitokeza kila panapozungumzwa wanyama wanaobeba bakteria hatari na kingasumu, yaani dawa za kuzuia sumu za bakteria zinazopatikana kwenye damu ya wanyama. Mengi yake yanatokana na dhana moja: kwamba mnyama anayeishi na bakteria wabaya bila kuugua lazima awe na dawa yao mwilini, na kwamba kazi ya mtaalamu ni kuichota tu. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ni mdogo kuliko watu wengi wanavyoamini, na majibu yaliyo hapa chini yanajaribu kuonyesha mpaka wake uko wapi.

Je, kingasumu huchukuliwa kwa mnyama yule yule anayebeba bakteria?

Kwa kawaida hapana. Kingasumu zinazotumika hospitalini dhidi ya dondakoo, pepopunda na botulizimu (ugonjwa wa kupooza unaoletwa na sumu ya bakteria) hutoka kwa wanyama, au kwa watu, waliochanjwa kwa makusudi na kwa ratiba maalumu mpaka damu yao ikawa na kingamwili nyingi, yaani protini za kinga, dhidi ya sumu inayojulikana. Mnyama aliyebeba bakteria kwa bahati tu, awe porini au zizini, huenda asiwe na kingamwili hata kidogo, na hata akiwa nazo hakuna anayeweza kutabiri ni kiasi gani.

Farasi ndiye anayelidhihirisha jambo hili vizuri kuliko mnyama mwingine yeyote. Utumbo wake mara nyingi huwa na Clostridium tetani, bakteria wa pepopunda, na kinyesi chake hutawanya ardhini spora (mbegu ngumu) za bakteria hao, ambazo huweza kukaa miaka mingi zikiwa hai. Hata hivyo, farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kabisa na sumu ya pepopunda, kiasi kwamba jeraha dogo chini ya ukwato, likiingiwa na udongo, linaweza kumuua. Kuishi na bakteria hao utumbo mzima maisha yake yote hakumpi kinga ya kutegemewa. Kinga tunayoikuta kwa farasi wa kutoa kingasumu ameipata kwa sindano.

Kwa nini basi mnyama anayebeba bakteria hatari haugui?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu sababu zenyewe ni tofauti kabisa, na ndizo zinazoamua kama mnyama fulani ana chochote cha kutusaidia.

Sababu ya kwanza ni mahali bakteria walipo. Bakteria wa pepopunda walio ndani ya utumbo wa farasi wako mbali na tishu zilizojeruhiwa, zisizo na oksijeni ya kutosha, ambamo wangeweza kuota na kutoa sumu ikafika kwenye mishipa ya fahamu. Bakteria wale wale wakihamia kwenye jeraha, hali hubadilika mara moja.

Sababu ya pili ni kukosekana kwa kipokezi, yaani sehemu ya seli ambayo sumu hujishika nayo ili iingie. Ng'ombe wengi hubeba Escherichia coli aina ya O157:H7 bila dalili yoyote, ilhali bakteria hao wanaweza kumharibia mtoto figo katika muda wa siku chache. Sumu yao, iitwayo sumu ya Shiga, hujishika kwenye molekuli ya mafuta na sukari ijulikanayo kama Gb3, ambayo ni nyingi katika mishipa midogo ya damu ya figo za binadamu. Mishipa ya damu ya utumbo wa ng'ombe haina molekuli hiyo. Panya naye huvumilia sumu ya dondakoo kwa sababu inayofanana na hiyo: kipokezi chake kina umbo ambalo sumu haiwezi kulishika vizuri.

Sababu ya tatu iko ndani zaidi. Sumu ya pepopunda hufanya kazi ya kukata protini inayoziwezesha seli za fahamu kutoa kemikali za mawasiliano. Kuku na panya wakubwa (waitwao rat kwa Kiingereza) wana aina mojawapo ya protini hiyo iliyobadilika kidogo pale hasa panapokatwa, na hapo sumu inashindwa. Badiliko dogo la namna hiyo humpa mnyama ustahimilivu mkubwa pasipo kingamwili yoyote kuhusika.

Sababu ya nne ndiyo pekee inayohusu kingasumu: mnyama amekutana na sumu kwa viwango vidogo, mara kwa mara, na mwili wake umetengeneza kingamwili dhidi yake. Hizo tatu za mwanzo haziwezi kuhamishwa kutoka mwili mmoja kwenda mwingine kwa sindano. Huwezi kumdunga mtoto ukosefu wa kipokezi alio nao ng'ombe. Kingamwili, kwa upande wake, ni protini inayoelea katika damu, inayoweza kuchujwa, kupimwa na kupewa mwingine, na juu ya tofauti hiyo ndipo taaluma nzima ya kingasumu ilipojengwa.

Kingasumu hufanya nini mwilini, na inatofautianaje na antibiotiki au chanjo?

Kingasumu hujishika kwenye sumu ambayo bado inazunguka katika damu na kuizuia isiingie kwenye seli. Haiui bakteria; hiyo ni kazi ya antibiotiki. Antibiotiki nayo haigusi sumu ambayo tayari imetolewa, na ndiyo maana mgonjwa wa dondakoo hupewa zote mbili. Chanjo huufundisha mwili wa mtu mwenyewe kutengeneza kingamwili, jambo linalochukua wiki kadhaa lakini linalodumu miaka, wakati kingasumu ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na mwili mwingine, zinazofanya kazi papo hapo na kutoweka baada ya muda mfupi.

Wazo la kutumia damu ya mnyama lilitoka wapi?

Lilitokana na fumbo lililowasumbua watafiti wa dondakoo. Mwaka 1884 Friedrich Loeffler aliwaotesha bakteria wa ugonjwa huo na kugundua kwamba walibaki kooni, ilhali moyo na viungo vingine vya wanyama waliokufa vilikuwa vimeharibika. Alihisi kwamba kuna sumu inayosafiri. Mwaka 1888 Émile Roux na Alexandre Yersin, wakiwa Paris, walithibitisha hivyo: maji ya kioteshea yaliyochujwa mpaka yasiwe na bakteria hata mmoja yaliweza kumuua mnyama.

Mwezi Desemba 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburō, wakifanya kazi katika taasisi ya Robert Koch mjini Berlin, walichapisha taarifa fupi iliyobadilisha tiba. Walionyesha kwamba seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) ya sungura aliyekingwa dhidi ya pepopunda, ikidungwa kwa panya mdogo (mouse), ambaye hana ustahimilivu ule wa panya wakubwa, ilimlinda panya huyo dhidi ya sumu ambayo ingemuua. Kinga ilikuwa ndani ya majimaji ya damu, na ilihamishika. Mwaka 1894 Roux aliwatangazia madaktari waliokutana Budapest matokeo ya seramu ya farasi kwa watoto wa hospitali moja ya Paris: vifo vya dondakoo vilishuka kutoka karibu nusu ya wagonjwa hadi karibu robo. Behring alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1901, ya kwanza kabisa kutolewa katika fani hiyo. Kitasato hakuitwa kuipokea pamoja naye, na kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu hilo lilikuwa kosa, kwa kuwa ni yeye aliyefanikiwa kwanza, mwaka 1889, kuwaotesha bakteria wa pepopunda peke yao bila mchanganyiko, na bila hatua hiyo kazi ya 1890 isingewezekana.

Kwa nini farasi, na si mnyama mdogo aliye rahisi kufugwa?

Kwa sababu ya wingi wa damu, utulivu wake akizoeshwa, na wepesi wa mwili wake kutengeneza kingamwili nyingi. Farasi wa kilo 450 hadi 500 anaweza kutoa lita 6 au 7 za damu kwa mkupuo mmoja bila kuhatarishwa, mradi apumzishwe vya kutosha kabla ya kutolewa tena. Sungura angetoa mililita chache tu. Kondoo nao hutumika kwa baadhi ya bidhaa za namna hii, na kuku huweka kingamwili zao katika kiini cha yai, jambo linaloepusha kabisa kumchoma mnyama sindano ya kutoa damu. Hata hivyo, kwa sumu za bakteria, farasi bado ndiye anayebeba sehemu kubwa ya kazi.

Farasi hukingwa vipi bila kuuawa na sumu yenyewe?

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya hatari. Farasi walidungwa sumu halisi kwa viwango vidogo sana vilivyoongezwa polepole, na baadhi yao walikufa. Badiliko kubwa lilikuja katika miaka ya 1920, mtafiti Gaston Ramon alipoonyesha kwamba sumu ikitiwa kemikali ya formalini na kuwekwa kwenye joto la wastani kwa wiki kadhaa hupoteza makali yake, lakini mwili wa mnyama huendelea kuitambua. Sumu iliyofishwa namna hiyo huitwa toksoidi. Ndiyo iliyo pia ndani ya chanjo za pepopunda na dondakoo wanazopewa watoto, hivyo farasi wa kingasumu na mtoto wa kliniki hukingwa kwa kitu kile kile.

Siku hizi farasi mpya kwanza huwekwa karantini, hupimwa magonjwa ya kuambukiza, na huchanjwa dhidi ya pepopunda hata kama kazi atakayofanya inahusu sumu nyingine. Kisha hudungwa toksoidi chini ya ngozi au kwenye misuli ya shingo na mgongo, sehemu kadhaa kwa kiasi kidogo kidogo, pamoja na viongezeo vinavyouchochea mwili kuitikia. Sindano hurudiwa kila baada ya wiki chache. Wataalamu huchukua damu kidogo kila baada ya muda na kupima kama kingamwili zimefika kiwango kinachotakiwa, jambo ambalo kwa kawaida huchukua miezi. Farasi hawalingani: wawili wa umri mmoja, waliolishwa pamoja na kudungwa siku moja, wanaweza kutofautiana mara nyingi katika nguvu ya seramu yao, na wale wasioitikia huondolewa katika kazi hiyo.

Damu hiyo hugeukaje kuwa dawa?

Damu hutolewa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, farasi akiwa amesimama ndani ya kizimba chembamba, na kuingia katika mifuko yenye dawa ya kuizuia isigande. Chembe nyekundu hutuama au hutenganishwa kwa mashine, na katika vituo vingi hurudishwa kwa farasi yule yule siku hiyo hiyo, ili asipungukiwe na damu. Kinachobaki ni plazma, majimaji ya rangi ya njano iliyofifia, ambayo ndani yake kingamwili zimechanganyika na protini nyingine nyingi zisizohitajika.

Hatua inayofuata ni kusafisha. Zamani mgonjwa alipewa seramu karibu kama ilivyotoka, na madhara yake yalikuwa mengi. Leo plazma hutiwa kimeng'enya cha pepsini, kinachokata mkia wa kingamwili na kuacha ile sehemu yenye mikono miwili inayoshika sumu. Mkia huo ndio unaochochea sehemu kubwa ya mizio kwa mgonjwa, na kuukata hakupunguzi uwezo wa kingamwili kuishika sumu. Protini nyingine huondolewa kwa chumvi ya amonia salfeti au kwa asidi ya kapriliki, kisha dawa huchujwa kwa vichujio vyenye matundu madogo yasiyopitisha bakteria, na kupitishwa katika hatua za kuua virusi. Mwisho hujazwa katika vichupa vya kioo na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, au hukaushwa kwa kugandishwa ili idumu zaidi.

Nguvu ya kingasumu hupimwaje?

Hupimwa kwa uniti na wala si kwa uzito. Mtafiti Paul Ehrlich ndiye aliyeweka msingi huo mwaka 1897, alipogundua kwamba sumu huchakaa ikihifadhiwa, hivyo haifai kuwa kipimo, lakini kingasumu iliyokaushwa vizuri hubaki kama ilivyo. Mwaka 1922 kiwango cha kimataifa cha kingasumu ya dondakoo kiliwekwa na kuhifadhiwa Copenhagen, ili uniti moja iwe na maana ile ile kila mahali. Mgonjwa wa dondakoo hupewa kati ya uniti 20,000 na 100,000, kulingana na mahali ulipo utando unaoletwa na ugonjwa huo, ukali wa ugonjwa na siku zilizopita tangu dalili zianze. Mtoto hupewa kipimo sawa na cha mtu mzima, kwa sababu kinachopaswa kudhibitiwa ni kiasi cha sumu, na kiasi hicho hakiendi na uzito wa mwili.

Je, damu ya tumbusi haiwezi kutumika, maana wao hula mizoga iliyooza?

Hili ndilo swali lililo karibu zaidi na ile dhana ya mwanzo, na lina jibu la kuvutia. Mizoga huwa na Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu kali kuliko nyingine zote zinazojulikana kwa binadamu. Tumbusi wa Amerika walipojaribiwa katika karne ya 20 walistahimili viwango vya sumu ambavyo vingewaua ndege wengine wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba tumbusi, kunguru na mbwa-mwitu wadogo wa Amerika waitwao koyoti, wote walaji wa mizoga, walikuwa na kingamwili dhidi ya sumu hiyo katika damu yao wakiwa porini, bila mtu kuwachanja. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza aina mbili za tumbusi wa Amerika walikuta utumbo wao umejaa bakteria wa makundi ya Clostridia na Fusobacteria, ambao kwa wanyama wengine wengi ni chanzo cha maradhi.

Kwa hiyo tumbusi kweli hubeba bakteria hatari na kweli huwa na kingamwili. Lakini dawa haiwezi kutengenezwa hivyo. Kiasi cha kingamwili hutofautiana kati ya ndege mmoja na mwingine, damu yake ni kidogo, na hakuna anayejua ni sumu za aina gani alizokutana nazo. Sumu ya botulinamu ina aina kuu saba, A hadi G, na kingamwili ya aina moja kwa kawaida haizuii nyingine. Isitoshe, baadhi ya tumbusi wako katika hatari ya kutoweka, na itakuwa dhuluma kuwakamata kwa ajili ya kitu ambacho farasi aliyechanjwa hukitoa kwa wingi na kwa uhakika zaidi. Funzo tulilopata kwa tumbusi ni kubwa kuliko damu yake: kukutana na sumu kidogo kidogo, kwa muda mrefu, hujenga kinga. Hivyo ndivyo farasi anavyofanyiwa, ila kwa vipimo.

Vipi kuhusu joka wa Komodo na wanyama wengine wenye midomo michafu?

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba joka wa Komodo huua windo lake kwa bakteria wa mate yake. Mwaka 2009 timu ya Bryan Fry ilionyesha kwamba mnyama huyo ana tezi za sumu katika taya la chini, na nafasi ya bakteria katika kuua windo imetiliwa shaka kubwa tangu hapo. Watafiti wa Marekani wamepata katika damu yake vipande vidogo vya protini vinavyoua bakteria, na mwaka 2017 walitangaza kimoja walichokiunda kwa kuiga kipande cha asili, wakakiita DRGN-1, kilichosaidia vidonda vya panya kupona. Hiyo ni kazi ya thamani, lakini inahusu dawa za kuua bakteria. Si kingasumu, na habari nyingi zinazosambazwa huchanganya mambo hayo mawili.

Je, kula nyama au kunywa maziwa ya mnyama aliyekingwa kunaweza kumlinda mtu?

Hapana. Tumbo humeng'enya kingamwili kama linavyomeng'enya protini nyingine. Ndama hupata kinga kwa maziwa ya kwanza ya mama yake kwa sababu utumbo wake huruhusu kingamwili kupita nzima katika saa za mwanzo za uhai. Mlango huo hufungwa mapema.

Kwa nini madaktari husisitiza kwamba kingasumu itolewe haraka?

Kwa sababu sumu iliyokwisha kuingia ndani ya seli haifikiwi tena. Kingamwili ni molekuli kubwa inayobaki nje. Mgonjwa wa botulizimu aliyekwisha kupooza misuli ya kupumua hatainuka kitandani kwa sababu amepewa kingasumu. Atahitaji mashine ya kumpumulisha, pengine kwa wiki au miezi, mpaka ncha za mishipa ya fahamu zijijenge upya. Kingasumu humsaidia kwa kuzuia kupooza kusiendelee. Katika dondakoo, molekuli moja ya sumu iliyoingia inatosha kuua seli, na hatari ya kufa huongezeka kila siku dawa inapochelewa. Ndiyo maana daktari mwenye shaka ya kutosha hapaswi kusubiri majibu ya maabara. Mwandishi anaona hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika ukurasa huu kwa msomaji aliye karibu na mgonjwa: utando wa kijivu kooni, shingo iliyovimba, kope zinazolegea au ugumu wa kumeza unaokuja ghafla ni sababu ya kwenda hospitali sasa hivi.

Mgonjwa anaweza kudhurika na protini ya farasi?

Ndiyo, na ni lazima lisemwe wazi. Watu wachache hupata mzio mkali ndani ya dakika chache, hivyo dawa hutolewa mahali penye adrenalini na watu wanaojua kuitumia. Wengine hupata homa, vipele na maumivu ya viungo baada ya siku 7 hadi 14. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1905 na Clemens von Pirquet na Béla Schick, waliotambua kwamba inasababishwa na mwili wenyewe kupambana na protini ngeni. Kwa kawaida hupona yenyewe au kwa dawa. Usafishaji wa kisasa umepunguza madhara hayo sana, na mbele ya dondakoo kali hatari ya kutotibu ni kubwa zaidi.

Je, mnyama hawezi kumwambukiza mgonjwa bakteria aliowabeba?

Ameshawahi kumdhuru, ingawa kilichopita kwenye dawa kilikuwa sumu ya bakteria. Mwaka 1901, katika mji wa St. Louis nchini Marekani, seramu ya dondakoo ilitolewa kwa farasi aitwaye Jim, aliyekuwa zamani akivuta gari la maziwa. Jim alipata pepopunda na ikabidi auawe mwanzoni mwa Oktoba. Seramu iliyochotwa mwishoni mwa Septemba, wakati sumu ya pepopunda ilikuwa tayari katika damu yake ingawa dalili hazijaonekana, ilitumika kwa watoto bila kupimwa. Watoto 13 walikufa kwa pepopunda, ugonjwa ambao hawakuwa nao walipofikishwa kwa daktari.

Maafa hayo yangezuilika kwa kipimo kilichokuwa kikijulikana wakati huo: kumdunga simbilisi kiasi kidogo cha seramu na kumwangalia siku chache. Kilichokosekana ni sheria ya kulazimisha kifanyike, pamoja na rekodi sahihi za chupa, kwani baadhi ya chupa zilikuwa na tarehe isiyo yake. Mwaka uliofuata, 1902, Marekani ilipitisha sheria ya kwanza ya taifa hilo ya kudhibiti dawa za kibiolojia, iliyotaka watengenezaji wapewe leseni na wakaguliwe. Kila kituo kinachomchanja farasi dhidi ya pepopunda kabla ya kazi nyingine yoyote kinafuata somo lililolipiwa na watoto wale, na haifai kulisahau kwa kuwa limeandikwa siku hizi kama mstari mmoja tu katika mwongozo.

Farasi wenyewe hutendewaje?

Kituo kinachoendeshwa vizuri huwa na daktari wa mifugo, malisho ya kutosha, muda wa mapumziko kati ya utoaji wa damu, na vipimo vya wingi wa chembe nyekundu kabla ya kila utoaji. Toksoidi haimpi mnyama ugonjwa, lakini viongezeo vinaweza kusababisha uvimbe na vidonda mahali pa sindano, na usimamizi mbaya humdhoofisha kwa upungufu wa damu. Si vituo vyote vinavyozingatia viwango hivyo, na anayenunua dawa kwa niaba ya taifa ana haki ya kuuliza jinsi wanyama wanavyotunzwa, kwa sababu farasi mgonjwa hutoa pia plazma duni.

Kwa nini kingasumu huadimika hata panapotokea mlipuko?

Chanjo ilipofanikiwa, wagonjwa walipungua, wanunuzi wakapungua, na watengenezaji wengi wakaacha. Wamebaki wachache, miongoni mwao Taasisi ya Butantan ya São Paulo, iliyoanzishwa 1901. Farasi hawezi kuharakishwa: kati ya sindano ya kwanza na kichupa kilichothibitishwa kuna miezi mingi. Mlipuko mkubwa wa dondakoo wa Nigeria mwaka 2023 uliikuta dunia ikiwa na akiba ndogo mno.

Je, kingasumu inaweza kutengenezwa dhidi ya kila bakteria hatari?

La. Inafaa pale ambapo madhara yanatokana na sumu moja au chache ambazo bakteria huzitoa nje ya mwili wake. Sumu iliyo sehemu ya ukuta wa bakteria, inayotoka bakteria wanapokufa, imekuwa ngumu mno kudhibitiwa kwa njia hii. Kingamwili iitwayo HA-1A, iliyotarajiwa kutibu maambukizi makali ya damu, iliondolewa mwaka 1993 baada ya kukosa manufaa. Hata kwa sumu ya Shiga, ile ya ng'ombe, hakuna kingasumu iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida.

Je, itafika siku ambapo wanyama hawatahitajika?

Kwa baadhi ya magonjwa siku hiyo imekaribia. Kwa pepopunda, nchi nyingi zinatumia kingamwili za watu waliochanjwa na kuchangia plazma, na tangu 2003 Marekani ina kingamwili za binadamu kwa ajili ya watoto wachanga wenye botulizimu. Kingamwili za binadamu hubaki katika damu kwa wiki kadhaa na hazileti mzio kama za farasi. Kwa kimeta, kuna kingamwili inayotengenezwa na seli katika matangi, raxibacumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Nyingine ya aina hiyo, bezlotoxumab, dhidi ya sumu ya Clostridioides difficile (bakteria wa kuharisha), iliidhinishwa 2016 kisha ikaondolewa sokoni na mtengenezaji wake mwaka 2025, ishara kwamba ubora wa kisayansi peke yake hauihakikishii dawa uhai.

Kwa botulizimu ya watu wazima, hata hivyo, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 dhidi ya aina zote saba za sumu bado hutoka kwa farasi, na kwa dondakoo pia farasi ndiye chanzo. Ngamia na lama (mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia) wanaweza kuwa daraja la kuelekea mbele: mwaka 1993 watafiti wa Ubelgiji walieleza kwamba wanyama hao wana kingamwili za muundo mwepesi usio wa kawaida, ambazo kipande chake kidogo kinachoshika sumu kinaweza kunakiliwa na kutengenezwa na hamira au bakteria wasio na madhara. Katika njia hiyo, lama huchanjwa kwa toksoidi na kutolewa damu kidogo ya kusomwa jeni za kingamwili zake, na kuanzia hapo uzalishaji huendelea maabara bila yeye. Vipande kadhaa vya namna hiyo dhidi ya sumu ya botulinamu vimewalinda wanyama wa majaribio.